Barua Nisizoandika

Barua ya kwanza ilirudi saa sita mchana, nami sikuwa nimeiandika.

Naanzia hapo kwa sababu sijui pengine pa kuanzia. Mtu akirudishiwa alichokitoa anajua la kufanya: anakipokea, anasonya, anakituma tena. Akirudishiwa ambacho hakukitoa, ashike wapi? Nilikuwa nimekaa mbele ya kompyuta, chai ya tangawizi imepoa, dirisha wazi, na pale kwenye kioo yakatokea maneno: Barua yako haikufika. Mpokeaji uliyemtaja hayupo. Huu ni ujumbe wa mtambo, usiujibu. Chini yake ilifuata barua yenyewe, na juu ya barua jina la mwandishi wake, Kibwana Mlekwa. Ndilo jina langu. Nimelibeba miaka sitini na mitatu, nililipokea kwa babu yangu likiwa limeshachoka, na mpaka siku ile sikujua kwamba linaweza kutoka nyumbani na kuniacha nimekaa.

Barua ilikuwa fupi. Nimekukumbuka. Bonyeza hapa unione. Ilikuwa imetumwa kwa mwanamke aitwaye Delfina, wa mji nisioujua. Delfina hayupo.

Kufika alasiri zilikuwa zimerudi mia mbili. Siku ya pili sikuhesabu. Katika mji wetu mchana hukaa muda unaoutaka wenyewe. Kuna siku jua husimama juu ya paa la soko mpaka watu wakasahau walichotoka kununua, na mchana ule ulikaa sana. Barua zikaja. Nyingine zilikuwa na tarehe ya jana, nyingine tarehe ya mwaka niliozaliwa, nyingine ya mwaka ambao haujafika, na zote, kwa ushahidi wa mtambo, nilikuwa nimeziandika mimi. Nilimkumbuka Delfina. Nilimkumbuka Ludoviki. Nilimkumbuka mtu aitwaye Idara ya Mauzo. Niliwakumbuka wote kwa maneno yaleyale, na hapakuwa na hata mmoja aliyekuwepo.

Nikaanza kuyasoma majina yao kwa sauti. Sijui kwa nini. Nadhani mtu hawezi kukaa peke yake na orodha ya wasiokuwepo asiwaite. Hayupo. Hayupo. Hayupo. Nilijikuta nimekaa matanga ya watu ambao hawakupata kufa kwa sababu hawakupata kuzaliwa. Kisha likanijia wazo lililonifanya niache kusoma. Barua inayofika hairudi. Kwa hiyo hawa niliokuwa nikiwajua ni wale waliokosekana tu. Waliopo, waliofungua barua asubuhi wakakuta nimewakumbuka, hao sikuwajua hata mmoja, wala sikujua ni wangapi. Mahali fulani mtu wa kweli alikuwa akinifikiria kwa sababu ya neno nisilolisema. Niliogopa, na siuonei aibu woga huo.

Mchana uleule, au mwingine uliofanana nao, ikarudi barua niliyokuwa nimemwandikia Kibwana Mlekwa wa mji mwingine. Nimekukumbuka, nilimwambia. Mtambo ukanijibu: Kibwana Mlekwa hayupo. Nikajigusa goti langu bovu. Goti lilikuwepo, na maumivu yake yalikuwepo. Lakini mtambo hauulizi habari za magoti, unauliza jina tu, na jina lilikuwa limeshatolewa hukumu yake.

Sasa nieleze kosa langu, maana nisipolieleza mapema nitalificha.

Msimamizi wa mitambo ya barua ya mji huu ni mwanamke aitwaye Nyamizi, na Nyamizi ni mtani wangu. Watu wa kwetu na watu wa kwao wametaniana tangu zamani ambazo hakuna mwenye habari zake. Maana yake ni kwamba anaweza kuingia uani kwangu akakamata kuku, anaweza kuniita maiti mbele ya wageni wangu, na mimi nikicheka ndiyo heshima. Anayenuna ndiye aliyeshindwa. Na mmoja wetu akifa, mwenzake huja matangani amevaa nguo za marehemu. Hutembea kama yeye, hukohoa kama yeye, huuliza kwa nini wali haujaiva, mpaka wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka. Ni kazi hiyo, si mchezo, na hakuna aliyeijua kama Nyamizi. Mimi nami nimeishi ndani ya utani maisha yangu yote. Sijawahi kutoa neno la moyoni bila kulifunika kwa mzaha, na watu wakanisifu, wakasema Kibwana ana roho nyepesi. Sikuwa na roho nyepesi hata kidogo. Nilikuwa mwoga mwenye maneno mengi.

Basi nilipoliona jina langu likizunguka likiwaambia watu nimewakumbuka, nikasema moyoni: Nyamizi huyu. Kanivaa ningali hai. Na watu waliponiandikia, "Mzee Kibwana, hii kweli ni yako?" sikununa. Niliwajibu wote jibu moja, kwa raha kabisa: Ni mimi, na bado.

Katika hao waliouliza alikuwemo mmoja ambaye hakuniita Mzee Kibwana. Aliandika: Baba, ni wewe uliyeandika haya?

Ninaye mtoto mmoja tu duniani, Chausiku, na kwa miaka saba Chausiku alikuwa hajanipa hata salamu. Nikacheka peke yangu chumbani. Nikasema, Nyamizi leo kavuka mpaka, kamvaa hadi mwanangu. Lakini sheria ni sheria. Nikamjibu: Ni mimi, na bado.

Nyamizi alikuja kesho yake. Nilimsikia tangu kwenye ukumbi akikohoa kikohozi changu, kama anavyofanya sikuzote akija: kikavu mara mbili, halafu basi.

"Hodi humu! We maiti, umeoza au bado?"

"Karibu, mtani. Safari hii umenipata, nakiri."

"Nimekupata na nini?"

"Na barua zako. Mpaka Idara ya Mauzo nimeikumbuka!"

Hakucheka. Aliweka mkoba wake chini, akanitazama usoni kwa muda mrefu. Katika miaka yote ya kujuana sikuwahi kumwona Nyamizi bila kicheko mahali fulani usoni, na uso ule mtupu ulinitisha kuliko barua zote.

"Kibwana, mitambo yangu inakabwa na barua zako tangu juzi. Nimekuja kukuuliza umefanya nini."

"Kwani si wewe?"

"Mimi? Mimi nikimvaa mtu namjia mlangoni kwake, anione, watu wanione. Nivae jina la mtu nikiwa nimejificha, hapo atacheka nani?"

"Basi wameniingilia. Lakini nimebadilisha nenosiri mara tatu."

"Hata ubadilishe mara mia. Hakuna aliyekuingilia." Akavuta kigoda, akakaa. "Sikiliza. Nyuma ya bahasha mtu anaandika jina lolote analotaka, na mlangoni hakuna anayemuuliza. Matapeli wameokota jina lako huko, wanaliandika kwenye uchafu wao. Na hao wanaowatumia wanabahatisha tu, kama mtu anayerusha mawe kwenye mwembe wa jirani. Mwenye anwani akikosekana, barua hairudi kwa tapeli. Inarudi kwa mwenye jina. Hairudi kwako kwa sababu umeituma, inarudi kwa sababu wewe unajulikana unakokaa."

"Sasa nifanye nini?"

"Zipuuze. Zitachoka. Ila tu usimjibu mtu kwamba ni zako." Akaigeukia kompyuta. "Kuna mtu umemjibu?"

Nikamgeuzia kioo. Alisoma majibu yangu moja baada ya jingine, ni mimi na bado, ni mimi na bado, mdomo wake ukizidi kukaza. Alipofika kwa yule aliyeniita baba, aliondoa mkono wake mezani.

"Huyu si mimi, Kibwana," akasema taratibu. "Huyu ni Chausiku mwenyewe."

Na hapo, akitafuta katikati ya lundo la zilizorudi, akakuta nyingine ambayo sikuwa nimeiona, kwa maana barua ya kweli ikianguka kwenye rundo la uongo haina sauti yake. Ilikuwa ya jana, nusu saa baada ya jibu langu. Nilibonyeza, mwanangu aliandika. Nilibonyeza kama mjinga, nikafunguliwa duka la dawa za kupunguza tumbo. Hata kunikumbuka kwako ni mzaha. Sitaki tena barua yako.

Nilikaa. Jua lilikuwa palepale juu ya paa la soko.

Miaka saba nyuma tulimzika mama yake. Siku ya tatu ya matanga Nyamizi aliingia amejitanda kanga za marehemu mke wangu, akazunguka jikoni akiwafokea wapishi kwa sauti yake, sauti yenyewe hasa, hata namna yake ya kugonga mwiko kwenye sufuria. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nami nikacheka. Nilicheka kuliko wote, nilicheka mpaka nikashika ukuta, na Chausiku akiwa amesimama mlangoni akanitazama. Alisubiri nimalize. Alisubiri kicheko kigeuke kilio, kama inavyotakiwa, maana ndiyo kazi ya kicheko kile. Mtani huja kufungua mlango ili kilio kipite. Mimi mlango niliufungua, nikaufunga tena. Aliondoka siku ile kwenda ng'ambo ya mto. Aliniambia neno moja tu: "Baba, siku ukinikumbuka kweli, niandikie. Usije na mdomo wako huo."

Na mimi nikaandika. Kila wiki nilifungua ukurasa, nikaandika Mwanangu, kisha nikafuta. Miaka saba ya Mwanangu. Sikuwahi kufika neno la pili.

Hili ndilo linaloniandama mpaka sasa ninapoyaeleza haya. Tapeli asiyenijua, asiyemjua mwanangu, labda hata si mtu bali ni mtambo mwingine unaotema maneno usiku na mchana bila kumkumbuka yeyote, aliandika kwa jina langu neno lilelile lililonishinda. Nimekukumbuka. Na likafika. Kati ya maelfu waliokuwa hawapo lilimpata mmoja aliyekuwepo, na mmoja huyo alikuwa wangu, akaliamini kwa nusu saa nzima. Sasa mimi ni yupi? Ni yule aliyenyamaza miaka saba na kumbukumbu yake ya kweli, au ni yule mwongo aliyesema? Nikiapa kwamba si mimi niliyeandika, nitakuwa nimemwambia mwanangu sikumkumbuka. Nikisema ni mimi, nimemfungulia duka la dawa. Nilichukia. Nilimchukia tapeli kwa kuniibia jina, na zaidi nilimchukia kwa kulitumia vizuri kuliko mimi.

"Mwandikie sasa hivi," Nyamizi alisema.

"Atajuaje kwamba ni mimi?"

"Yeye hatajua. Wewe utajua." Akaivuta kompyuta upande wake. "Nitakutilia alama. Kila barua itakayotoka hapa kwako, mtambo wangu utaandika kwenye anwani ya kurudia namba ambayo hakuna mwingine anayeijua, na kesho itakuwa namba nyingine. Barua ikirudi haina alama, haikutoka kwako, ninaichoma mlangoni hata huioni. Ikirudi ina alama, hiyo ni yako kweli."

"Kwa hiyo nikiona barua imerudi..."

"Ujue hiyo uliiandika wewe."

Akaondoka kwenda kwenye mitambo yake, akaniacha na ukurasa mweupe. Niliandika Mwanangu. Sikufuta. Niliandika: Barua ile sikuiandika mimi. Yaliyomo ni kweli. Nilitaka kuongeza kichekesho kidogo mwishoni, kidogo tu, juu ya tumbo langu na zile dawa. Vidole vilikuwa vimeshaanza. Nikavitoa juu ya vibonye, nikavikalia, nikabonyeza kutuma kwa kidole gumba kilichobaki nje. Ndivyo ilivyokuwa, na anayetaka kucheka acheke.

Kisha kimya.

Sikuwa nimejua jinsi nilivyozizoea. Zile za uongo ziliacha kuja, Delfina na Ludoviki wakachomwa huko mlangoni na wenzao wote, na nyumba ikawa na utulivu wa siku wageni wa matanga wanapotawanyika. Nilikuwa nimezoea kuambiwa mara mia kwa siku kwamba hayupo, hayupo. Sasa hakuna aliyeniambia lolote. Nikakaa nikingoja kitu kisije. Barua inayofika hairudi. Kila saa iliyopita tupu ilikuwa ushahidi kwamba ameipata, na kila saa tupu ilikuwa saa ambayo hajajibu. Nani amewahi kungoja hivyo, akiomba kimya kiendelee na huku kimya kinamla? Na wazo baya likaja likakaa nami mezani. Miaka saba. Watu hufa ndani ya miaka saba. Labda aliyeniandikia hata si yeye, labda naye ni jina lililookotwa, na mtambo utaniletea neno lake la kawaida, na safari hii neno litakuwa na uzito wa mwili. Chausiku hayupo.

Siku ya nne, mchana, ikarudi.

Barua moja tu katika sanduku zima. Nikaitazama anwani: alama ilikuwepo, namba ya siku niliyoituma, tarakimu kwa tarakimu. Ni yangu. Nikateremka polepole mstari kwa mstari nikitafuta neno nililolijua, na halikuwepo. Mtambo ulikuwa umeandika: Mpokeaji yupo. Amekataa kupokea barua za mwandishi huyu.

Yupo.

Nililia. Nasema wazi, nililia kwa sauti, kichwa juu ya meza, kilio ambacho sikukilia siku ya tatu ya matanga. Yupo, na amekataa. Kukataa kunataka mkono, na mkono unataka mtu. Na aliyekataliwa hakuwa tapeli, alama ilikuwa shahidi. Nilikuwa mimi, Kibwana Mlekwa mwana wa Mlekwa, mwenye goti bovu. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi kitu kilinirudia ambacho kweli nilikuwa nimekitoa.

Nyamizi alinikuta hivyo. Aliisoma, akanipigapiga mgongoni kidogo.

"Umekataliwa vizuri sana, mtani," akasema. "Sijawahi kuona mtu kakataliwa vizuri hivi."

"Kafunga mlango kwa jina langu. Nikiandika tena itarudi, na tena, na tena."

"Nenda."

"Alisema nisije na mdomo wangu."

Macho yangu yakaenda kwenye koti langu la kijivu, lililoning'inia nyuma ya mlango, nikaona na yeye analitazama.

"Hapana," akasema. "Nguo za mtani huvaliwa akishakufa. Na nilimvaa mama yake, mtoto akakimbia nyumba. Nikikuvaa wewe atanimwagia maji ya moto."

"Jina langu limeshakufa, Nyamizi. Limekufa mikononi mwa watu nisiowajua, wakalivaa bila haki. Wewe unayo haki. Livae."

Akalitungua. Alitia mikono, akafunga vifungo mpaka shingoni kama nifungavyo mimi, akachukua kofia, na hapo mbele ya macho yangu goti lake la kulia likaingia ubovu. Alitoka. Nilisimama dirishani nikajiona naondoka: mgongo ule uliopinda kidogo, mkono ule unaoning'inia, hatua zile za kusitasita kwenye kokoto. Watu walimwamkia nao wakamwita Mzee Kibwana. Nilitaka niliite lile umbo, nikakosa jina la kuliita. Likafika kwenye kona ya soko, likakohoa mara mbili, likapotea, nami nikabaki nyumbani bila koti, nikiwa nimejifia.

Sijui alikaa huko siku moja au ngapi. Nimeshasema habari za mchana wa mji huu. Aliporudi, alivua kofia akaiweka mezani na kukaa juu ya kigoda akiwa Nyamizi, mwanamke mzee aliyechoka.

"Nimebisha. Akauliza nani, nikasema ni mimi. Akafungua."

"Akakumwagia maji?"

"Alinitazama kuanzia viatu mpaka kofia. Nikatembea kidogo mbele yake, nikakaa unavyokaa. Akaanza kucheka, Kibwana. Alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu kikafunguka kile kingine, akalia, akalia mpaka nikamshika. Na ndani ya kilio akasema aliyokuwa nayo, ya miaka yote saba."

"Alisema nini?"

Alitikisa kichwa. "Hakuniambia mimi. Alikwambia wewe. Kama hukusikia, nenda kamuulize."

"Nyamizi, tafadhali."

"Moja tu nitakupa, kwa sababu hilo ni langu. Nilipokuwa natoka aliniambia: koti umelipata, goti umelipata, kikohozi umekosea. Kikohozi cha baba kina mguno mdogo mwishoni." Akavua koti, akanitupia. "Miaka arobaini nakukohoa, mguno huo sijawahi kuusikia!"

Wala mimi sijawahi. Mtu hajisikii mwenyewe.

Nilivaa koti. Lilikuwa bado na joto la mwili wake. Nilitoka kwenye jua, nikapita soko, nikavuka daraja, na njia nzima nilikuwa nikiziangalia hatua zangu: hivi ndivyo ninavyotembea? Hivi ndivyo mkono huu unavyoning'inia? Aliyenitangulia alikuwa amenipita kwa ustadi, na mimi nilikuwa namwigiza yeye aliyeniigiza mimi, nikijikwaa mahali ambapo yeye hakujikwaa. Wapita njia waliniamkia. "Mzee Kibwana, si umepita hapa juzi?" Nikawaambia ndiyo, nimesahau kitu.

Mlango wake ni wa mbao, umepakwa rangi ya bluu, na nilikuwa sijawahi kuuona. Nikabisha.

"Nani?" Sauti ya ndani ilikuwa ya mama yake, ila changa.

Nilifungua mdomo niseme ni mimi, nikaufunga. Neno hilo Nyamizi alikuwa ameshalisema kwenye mlango ule, na mimi nilikuwa nimeshalisema mara moja kwenye kioo chake, vibaya. Jina nalo halikuwa na kazi tena. Nilisimama mbele ya mlango nikiwa sina kitu mkononi.

"Nani hapo?"

Vumbi la njia lilikuwa limenikaa kooni. Nikakohoa, mara mbili.

Ndani hatua zikasogea mpaka mlangoni. Kisha nikasikia komeo linavutwa.